Nyota njema huonekana asubuhi? Waulizeni Buffalo

Usiku wa tarehe 27 Novemba 2018, Buffalo Sabres waliwafunga San Jose Sharks 3-2 katika muda wa nyongeza, wakiwa nyumbani. Ulikuwa ushindi wao wa kumi mfululizo, sawa na rekodi ya klabu. Walikuwa wamecheza mechi 25, wakashinda 17, na msimamo wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, uliwaonyesha wakiwa kileleni, juu ya timu nyingine zote 30. Miezi michache tu kabla ya hapo, timu hiyohiyo ilikuwa imemaliza msimu ikishika mkia.

Ili kuelewa shabiki anafanya nini timu yake inapoamka namna hiyo, si lazima mtu awe amewahi kuona barafu nyingine zaidi ya ile ya kwenye friji. Anafanya yaleyale wanayofanya watu wa Msimbazi na wa Jangwani ligi inapofika raundi ya sita: anachagua nyota wake. Anapanga orodha, anaitetea kijiweni, anaapa kwamba fulani mwaka huu hashikiki na fulani auzwe hata kesho asubuhi.

Ni burudani tamu, na hakuna sababu ya kuwanyima watu. Shida ni kwamba orodha za Novemba hudanganya, tena kwa mtindo uleule mwaka hadi mwaka. Sabres wa 2018 ni mfano mzuri kuliko wote, kwa sababu kikosi kile kilikuwa kimejaa nyota wa kweli. Ila wengi wao walikuwa wamesimama mahali ambapo macho ya watu hayakufika.

Kwanza mji wenyewe. Buffalo umekaa ukingoni mwa Ziwa Erie, magharibi mwa jimbo la New York, ng'ambo ya mto tu kutoka Kanada. Ni mji uliowahi kuishi kwa chuma na nafaka, ukaona viwanda vinafungwa, ukabaki na theluji yake maarufu na timu zake mbili, moja ya futiboli ya Kimarekani na nyingine ya hoki. Katika miaka ya karibuni umepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, hata Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha za watoto wa shule zake. Sabres walianza kucheza mwaka 1970 na hawajawahi kulibeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL. Fainali walifika mara mbili, 1975 na 1999, wakapoteza zote. Na kufikia msimu ule wa 2018 walikuwa hawajaonja hatua ya mtoano tangu 2011. Watu wenye njaa ya namna hiyo hawangoji wali uive.

Kwa hiyo orodha ya Novemba ilijiandika yenyewe. Juu kabisa Jeff Skinner, winga wa kushoto aliyeletwa kutoka Carolina mwezi Agosti, ambaye alikuwa akifunga kana kwamba lango limepanuliwa. Pembeni yake Jack Eichel, kiungo wa kati wa miaka 22, aliyekabidhiwa unahodha msimu ukianza. Nyuma yao Rasmus Dahlin, beki Mswidi wa miaka 18, chipukizi wa kwanza kuchaguliwa mwaka ule. Langoni Carter Hutton, kipa aliyetoka St. Louis akiwa na takwimu za kujivunia.

Kisha mambo yakaharibika. Mechi 57 zilizobaki zilileta ushindi 16 tu. Timu iliyokuwa na pointi 36 mwishoni mwa Novemba ilimaliza Aprili ikiwa na 76, mbali na nafasi ya mtoano, na kocha Phil Housley akafukuzwa msimu ulipoisha. Ni nadra kwa timu kushinda mechi kumi mfululizo na bado ikakosa mtoano.

Kilichotokea si uchawi. Nyingi kati ya zile mechi kumi ziliamuliwa kwa bao moja, baadhi katika muda wa nyongeza au kwa penalti, na bao moja katika hoki ni kitu chepesi mno. Puki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, hugonga kisigino cha beki, hugonga mwamba, hupita katikati ya miguu ya watu watano ambao hakuna hata mmoja wao anayekiona. Kwa wastani, mchezaji wa NHL hupata bao moja kwa kila mashuti kumi au kumi na moja yanayolenga lango. Anayepiga mashuti matatu kwa mechi atakuwa na 75 baada ya mechi 25, na haki yake ni mabao saba hivi. Matano zaidi yakiingia kwa kugonga huku na kule, anakuwa na 12, na jina lake linaanza kuchapwa kwa herufi nene. Mchezaji ni yuleyule. Mashuti ni yaleyale.

Upepo kama huo unaweza hata kuvuma msimu mzima. William Karlsson alifunga mabao sita akiwa Columbus msimu wa 2016-17, akahamia timu mpya ya Vegas Golden Knights, akafunga 43, takriban shuti moja katika kila manne. Msimu uliofuata alifunga 24. Karlsson alibaki mchezaji mzuri sana, wa kutumainiwa kote uwanjani, lakini mfungaji wa mabao 43 hakurudi tena.

Skinner naye hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Alikuwa ametwaa tuzo ya chipukizi bora wa ligi mwaka 2011 akiwa kijana mdogo, na miguu yake ilikuwa na wepesi wa mtu aliyelelewa kwenye mchezo wa kuteleza kwa madaha barafuni, jambo ambalo kweli alilifanya utotoni. Msimu wa 2018-19 aliumaliza na mabao 40, idadi ambayo hakuwahi kuifikia kabla. Kosa lilikuwa katika kusoma namba hiyo. Tarehe 7 Juni 2019 klabu ilimpa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 72. Msimu uliofuata akafunga 14, na ule wa pili 7. Misimu yote miwili ilifupishwa na korona, sawa, lakini hata kwa hesabu ya huruma hilo ni anguko. Baadaye aliinuka tena, akafunga 33 na kisha 35, halafu akashuka. Mwaka 2024 Sabres waliamua bora kumlipa aondoke, mkataba ukiwa bado na miaka mitatu.

Kulikuwa na swali moja la kuuliza mapema, nalo halikuhitaji kompyuta: huyu anatengeneza au anamalizia? Skinner alikuwa mmaliziaji, na sehemu kubwa ya msimu ule alicheza ubavuni mwa Eichel. Mmaliziaji ni mtu wa thamani, lakini thamani yake hupanda na kushuka na anayempa pasi. Eichel msimu ule alikuwa na pasi 54 za mabao. Shabiki aliyemweka Skinner juu ya Eichel kwa sababu ya mabao alikuwa amemsifia mla ugali akamsahau aliyesonga.

Sasa waje wale ambao hawakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Tage Thompson alikuwa na miaka 21, kijana wa karibu mita mbili, mwembamba, aliyeletwa katika mabadilishano ya wachezaji yaliyowaudhi wengi. Alicheza mechi 65 akafunga mabao saba, na kabla msimu haujaisha alikuwa ameshateremshwa kucheza timu ya chini huko Rochester. Msimu uliofuata aliumia bega mapema, ikawa basi. Mwenye orodha angemwandika chini kabisa, na angeonekana mwenye busara. Mwaka 2021 kocha mpya, Don Granato, akamtoa pembeni akamchezesha katikati. Mabao 38. Mwaka uliofuata, 47. Tarehe 7 Desemba 2022, ugenini Columbus, alifunga matano katika mechi moja, manne kati ya hayo katika kipindi cha kwanza pekee.

Linus Ullmark alikuwa kipa wa pili nyuma ya Hutton. Mashabiki wa hoki humtazama kipa wa pili kama abiria wa akiba: yupo, lakini hakuna anayemwomba afike. Ullmark aliachwa aende Boston bure mwaka 2021, mkataba wake ulipokwisha. Mwaka 2023 alitwaa Tuzo ya Vezina, ya kipa bora wa ligi nzima, na Februari mwaka huohuo alifanya jambo ambalo makipa wachache tu wamelifanya: alifunga bao, akirusha puki kutoka langoni kwake mpaka wavu mtupu wa upande wa pili, huko Vancouver.

Kipa, kwa kweli, hapaswi kuingia kwenye orodha ya Novemba hata kidogo. Katika mechi 25 huenda akakabiliwa na mashuti 750. Tofauti kati ya kipa wa kawaida, anayeokoa 91 katika kila 100, na kipa wa kuimbiwa ni mabao kumi au kumi na moja katika mashuti yote hayo. Beki mmoja mlegevu upande wa kushoto anatosha kuyaleta, na beki mmoja makini anatosha kuyafuta.

Lakini jina chungu kuliko yote kwa watu wa Buffalo halikuwa hata ndani ya jezi yao. Ryan O'Reilly ndiye waliyemtoa kumpata Thompson na wengine, tarehe 1 Julai 2018. Kiungo wa kati, mtu wa kukaba, mtaalamu wa kugombania puki mwamuzi anapoidondosha, mchezaji anayejulikana kwa kubaki kwenye barafu akifanya mazoezi wenzake wakiwa wameshaoga. Msimu wa nyuma ulipoisha alikiri hadharani kwamba kushindwa kila siku kulikuwa kumempunguzia mapenzi ya mchezo. Baadhi walimwona mnyonge. Akauzwa St. Louis Blues.

Na hapa ndipo Novemba ilipowatania watu vizuri. Buffalo kileleni, St. Louis wakiyumba hadi kocha Mike Yeo akafukuzwa tarehe 19 mwezi huo. Asubuhi ya tarehe 3 Januari 2019, Blues walikuwa wa mwisho katika ligi nzima. Aliyetaka kuamua nani alifaidika na yale mabadilishano alikuwa na jibu rahisi mkononi.

Siku nne baadaye, kipa aliyeanza msimu katika ligi ya chini, Jordan Binnington, alipangwa kuanza mechi yake ya kwanza NHL. Philadelphia hawakupata bao: 3-0. Blues wakaanza kupanda, wakaingia mtoano, wakafika fainali, wakaipeleka mpaka mechi ya saba huko Boston, tarehe 12 Juni.

Kipindi cha kwanza cha mechi ile kingefaa kuonyeshwa kwa kila anayepanga orodha. Boston walipiga mashuti 12, Binnington akayazuia yote. St. Louis walipiga manne tu. Zikiwa zimesalia dakika tatu na ushei, beki Jay Bouwmeester akapiga puki ya chini kutoka mbali, shuti lisilo na hatari yoyote. O'Reilly, mbele ya lango, akateremsha ncha ya gongo lake na kuigusa kidogo tu. Ikabadili njia, ikapita chini ya kipa Tuukka Rask. Sekunde nane kabla ya mapumziko Alex Pietrangelo akaongeza la pili, na mechi ikaisha 4-1. O'Reilly alikuwa amefunga katika mechi nne mfululizo za fainali, akicheza na ubavu wenye ufa. Akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano, na mwezi huohuo akapata Tuzo ya Selke, ile ya mshambuliaji anayekaba vizuri kuliko wote. Buffalo wakati huo walikuwa wakimkaribisha kocha mwingine.

Je, asubuhi haionyeshi nyota kabisa? Inaonyesha, mara chache, na kwa kawaida ni wale ambao kila mtu alishawajua tangu usiku. Tarehe 12 Oktoba 2016, Auston Matthews wa Toronto, chipukizi wa kwanza kuchaguliwa mwaka ule, alifunga mabao manne katika mechi yake ya kwanza kabisa NHL, jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulifanya katika zama za kisasa za ligi hiyo. Timu yake ilifungwa 5-4 na Ottawa, lakini nani alikumbuka? Kabla Novemba haijaisha, kijana yuleyule alipitisha mechi 13 bila bao hata moja. Aliyempima kwa Oktoba 12 alimwona mfalme, na aliyempima kwa Novemba alimwona puto. Alimaliza na mabao 40 na tuzo ya chipukizi bora. Dahlin vivyo hivyo: pointi 44 kwa beki wa miaka 18 hazikuwa bahati, na miaka iliyofuata ilithibitisha.

Wajuzi wengine watasema dawa ni kuangalia dakika anazopewa mchezaji. Kuna ukweli ndani yake. Hoki huchezwa kwa zamu fupi za sekunde 40 au 50, watu wakiruka ukuta wa benchi kuingia na kutoka bila mchezo kusimama, hivyo kocha hupiga kura mara mia kwa usiku. Anayeingizwa timu ikiongoza kwa bao moja na dakika mbili zimebaki, huyo anaaminiwa. Lakini kuaminiwa na kocha si cheti cha ubora. Rasmus Ristolainen ndiye aliyekuwa akipewa dakika nyingi katika kikosi kile cha Sabres, beki mwenye mwili wa mlango wa benki. Alipokuwa kwenye barafu timu zikiwa na idadi sawa ya wachezaji, mizani ya mabao ilimwachia hasi 41 msimu ulipoisha, mbaya kuliko ya mchezaji yeyote wa ligi. Kocha alimpa kazi ngumu kupita uwezo wake, kisha wote wawili wakalipia.

Kinachosaidia zaidi ni kumtazama mtu mmoja kwa zamu nzima, puki ikiwa mbali naye. Anasimama wapi? Anarudi nyuma kwa kasi ileile aliyoendea mbele? Wenzake hucheza vizuri zaidi akiwepo, au yeye ndiye hucheza vizuri zaidi wakiwepo wao? Inachosha, na kwenye televisheni ni vigumu kwa sababu kamera hufuata puki. Wengi hawatafanya hivyo, na ndiyo maana orodha zao huandikwa na ubao wa mabao.

Kama ni lazima kura ipigwe kwa Sabres wa Novemba 2018, kura ya safu hii isingekwenda kwa Skinner wala hata kwa Eichel, ingawa Eichel baadaye aligombana na klabu juu ya upasuaji wa shingo, akahamia Vegas, na mwaka 2023 akabeba kombe huku akiongoza kwa pointi katika mtoano. Ingekwenda kwa Sam Reinhart. Alichaguliwa wa pili mwaka 2014, akacheza Buffalo miaka saba, na sehemu kubwa ya muda huo alisemwa kwamba hana kasi, hana ukali, hana hiki wala kile. Msimu wa 2018-19 alifunga 22 na kutoa pasi 43 za mabao, na bado katika mazungumzo ya vijiweni jina lake lilikuja baada ya matatu au manne mengine.

Kazi yake ilikuwa ya pale ambapo hakuna raha. Husimama mbele ya kipa, mgongo kwa lango, beki mwenye kilo mia akimsukuma kwa gongo kiunoni, naye anachungulia shuti linatoka wapi ili aliguse. Puki ikidondoka, yeye ndiye wa kwanza kuiona. Ikitoka, anajua pengo liko wapi na anateleza kuingia humo polepole, maana kasi kweli hana. Ujuzi wa namna hiyo hauji na upepo wa wiki tatu na wala hauondoki nao. Ulikuwa mbele ya macho ya kila mtu, Oktoba, Novemba na Machi.

Sabres walimpeleka Florida Julai 2021, wakipokea kipa chipukizi na haki ya kuchagua kijana mmoja katika uteuzi wa baadaye. Msimu wa 2023-24 alifunga mabao 57. Tarehe 24 Juni 2024, katika mechi ya saba ya fainali dhidi ya Edmonton, bao lake la kipindi cha pili ndilo lililoipa Florida Panthers ushindi wa 2-1 na kombe la kwanza katika historia yao. Mwaka uliofuata timu zilezile zilikutana tena fainalini, na katika mechi ya sita, Florida wakishinda 5-1 na kulitwaa tena kombe, Reinhart alifunga manne. Mawili kati ya hayo yaliingia wavu mtupu, kipa wa Edmonton akiwa ameshaitwa benchi. Hayo nayo yanahesabiwa.